Kabureta Iwe ya Mwisho Kufunguliwa

Hotuba kwa wenye magari ya kale na vijana wa gereji, Nairobi

Mwenyekiti, wazee wenzangu, akina mama, na nyinyi vijana wa gereji mliosimama huko nyuma kana kwamba viti vinalipiwa: hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie kufungua na kurudisha kabureta mbili, vile vifaa vinavyochanganya hewa na petroli kwa ajili ya injini, za gari la spoti la Kiingereza. Mfano wangu utakuwa MGB, kwa sababu ndilo lililoegeshwa pale uani na ndilo wengi wenu mnalo. MGB lilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980. Injini yake ni ya cc 1798, na yale yaliyoletwa huku kwetu yana kabureta mbili za SU, jina la kampuni iliyozitengeneza, za inchi moja na nusu: HS4 kwa yale ya zamani, HIF4 kwa yaliyofuata. Mwenye Triumph, mwenye Austin-Healey, kaeni msikilize. Nati zitatofautiana, akili ni ile ile.

Jambo langu ni hili. Gari la kabureta mbili likianza kukohoa, kabureta iwe ya mwisho kufunguliwa. Na siku ukiamua kuzifungua, zitoke pamoja, zihudumiwe pamoja, zirudi pamoja.

Nasema hivi kwa sababu ya ninayoyaona hapa mjini. Mteja anaingia gereji analalamika gari linakunywa mafuta na linatoa moshi mweusi pale Museum Hill. Kabla hajamaliza sentensi, kijana ameshashika bisibisi na anazungusha skrubu ya kwanza iliyo karibu na mkono wake. Gari likizidi kuwa baya anazungusha ya pili. Jioni mteja anaambiwa, "Mzee, hizi kabureta za Kiingereza zimekwisha. Tutupe zote, nikuwekee moja ya pikapu ya Kijapani, nitaipata Grogan kesho." Mzee anakubali kwa sababu amechoka. Kabureta nzima mbili zinaishia kwenye gunia la vyuma chakavu, na ugonjwa wenyewe, ambao ulikuwa kwenye pointi za distributa, yaani kwenye upande wa cheche za umeme, unabaki palepale ukimsubiri.

SU si kifaa kigumu. Naweza kusema ndiyo kabureta rahisi kuliko zote nilizowahi kushika. Kabureta nyingi zina jeti, yaani vitundu vya kupitishia petroli, kadhaa, moja ya gari likiwa limesimama, nyingine ya mwendo, nyingine ya kupiga mbio. SU ina jeti moja tu kwa kazi zote. Juu yake kuna pistoni yenye sindano iliyochongoka. Ukikanyaga mafuta, injini inavuta hewa zaidi, pistoni inapanda, sindano inapanda nayo, na kwa kuwa sindano ni nyembamba kuelekea chini, nafasi ndani ya jeti inapanuka na petroli zaidi inapita. Hewa na mafuta vinaongezeka kwa pamoja. Hata choki yake haizibi hewa kama ya kabureta nyingine. Kwenye HS4, ukivuta waya wa choki, jeti yenyewe inashuka chini na nafasi ya kuzunguka sindano inaongezeka.

Aliyeibuni ni George Herbert Skinner, wa ukoo uliokuwa na biashara ya viatu huko Uingereza, na kabureta zake za mwanzo zilikuwa na mvukuto wa ngozi mahali ilipo pistoni leo. Mtoto wa wauza viatu, ngozi haikumsumbua kupata. Kampuni ilinunuliwa na Morris mwaka 1926, na ndiyo maana Morris, MG, Austin-Healey na hata Jaguar zikajaa SU. Na msidhani ni mambo ya Waingereza peke yao. Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta wetu, lilikuwa likiuzwa madukani likiwa na kabureta mbili za Hitachi za mtindo huu huu. Kwa hiyo fundi anayesema anaamini Mjapani tu, aelewe kwamba Mjapani naye aliamini kitu hiki.

Sasa, kabla ya spana. Pima tapeti, yaani nafasi ya vali, kwanza. Kisha plagi, uwazi wake uwe inchi 0.025. Kisha pointi, kati ya inchi 0.014 na 0.016. Kisha taimingi. Hayo manne yakiwa sawa na gari bado linakohoa, angalia kama kuna hewa inayoingia kwa wizi: mpira wa mvuke uliopasuka, gasketi ya manifoldi iliyoungua. Hapo tu ndipo unapata ruhusa yangu ya kuitazama kabureta kwa jicho baya. Mkifuata mpangilio huo, wengi wenu hamtafungua kabureta yoyote mwaka huu, na mimi nitakuwa nimewanyima kazi.

Lakini tuseme umethibitisha. Petroli inadondoka kwenye chemba ya boya, pale petroli inapokaa ikisubiri, au shafti ya bataflai, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, imelegea hadi unaweza kuitikisa kwa vidole. Haya, tufungue.

Ondoa betri kwanza. Kwenye MGB za hadi 1974 betri ni mbili za volti sita sita, zimejificha nyuma ya viti, na kwenye zile za kabla ya 1967 upande unaoenda kwenye bodi ni chanya. Usiamini rangi ya waya, maana gari la umri huu limepitia mikono mingi. Soma alama kwenye betri yenyewe. Natilia mkazo kwa sababu injini hii ina ubaya mmoja wa maumbile: mlango wa hewa na ekzosi viko upande mmoja, wa kushoto, na kabureta zinakaa juu ya ekzosi. Petroli ikidondoka, inadondoka juu ya chuma chenye moto. Acha injini ipoe kabisa. Weka kizima moto mahali unapoweza kukifikia bila kuruka mtu. Na anayevuta sigara akavutie barabarani.

Halafu kuna suala la spana. Nati nyingi za gari hili ni za inchi, na nyingi zinazoshika kabureta na chujio zinataka spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kijana ana seti ya milimita peke yake, anachukua 13, inaingia, anafurahi. Ile tofauti ndogo ndiyo inayomaliza pembe za nati. Mara ya kwanza itafunguka, ya pili itateleza, ya tatu utamkuta anatumia patasi. Nunueni seti moja ya inchi mchange, watu wanne seti moja, haitawaua. Na nati za chini hazifikiwi na spana ndefu, kwa hiyo tafuta spana fupi, au uikate ile ya zamani uliyonayo.

Toa machujio ya hewa, kila moja lina bolti mbili ndefu. Fungua mpira wa petroli na ukinge kitambaa, kwa sababu kuna mafuta yaliyobaki ndani. Chomoa mipira ya mvuke wa injini na ule mpira mwembamba unaokwenda kwenye distributa. Fungua waya wa akselereta na waya wa choki, toa springi za kurudisha. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kila kimoja. Sisi wazee hatukuwa na bahati hiyo, tulichora kwa penseli kwenye karatasi ya unga.

Kila HS4 imeshikwa kwa nati nne. Zilegeze zote nane kidogo kidogo kabla ya kuitoa yoyote, kisha uvute kabureta zote mbili kwa pamoja kama kitu kimoja. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kati ya kabureta hizo mbili kuna vyuma vyembamba vinavyounganisha bataflai na jeti, na ukivuta moja peke yake unapinda chuma ambacho kinatakiwa kiwe kimenyooka kabisa. Vuta zote sawasawa, mkono huku mkono kule.

Nyuma yake utaona bati la kukinga joto na vile vipande vinene vya kuzuia joto. Kumbuka mpangilio, kuanzia kwenye manifoldi: gasketi, kipande kinene, gasketi, bati, gasketi, kabureta. Gasketi tatu kila upande. Nimeona magari yaliyorudishiwa moja tu kwa sababu "zile nyingine zilikuwa zimeraruka." Hewa itaingia hapo na utaizungusha skrubu hadi Krismasi. Mara tu kabureta zinapotoka, ziba mashimo ya manifoldi kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kikubwa cha kutosha kuonekana. Nati ikiingia humo, unafungua kichwa cha injini.

Mezani, sheria ni moja: vya kabureta ya mbele visikutane na vya kabureta ya nyuma. Pistoni na chemba yake ya juu vilichongwa kuoana. Ukibadilisha, pistoni itakwama au itapitisha hewa. Weka sinia mbili. Safisha pistoni na ndani ya chemba kwa petroli na kitambaa laini, usiguse msasa hata ukiona doa. Mwili wa pistoni hautiwi oili, ni ule mhimili wake wa katikati tu unaopata tone dogo. Angalia sindano: bega lake likae sawa na uso wa chini wa pistoni, lisitokeze wala lisizame. Itazame jeti kwenye mwanga. Tundu la HS4 lina kipenyo cha inchi 0.090 na linatakiwa kuwa la mviringo. Likiwa limelika upande mmoja, badilisha jeti na sindano kwa pamoja. Ule mrija wa plastiki unaotoka chemba ya boya kwenda kwenye jeti una washa ndogo ya mpira mwishoni. Bei yake ni ya chai na mandazi. Ukirudisha ya zamani, kesho utanusa petroli.

Kuhusu shafti ya bataflai, nitakuwa mkali kidogo. Shafti iliyolika ndiyo sababu ya kweli ya SU nyingi kuitwa mbovu. Hewa inapita pembeni, gari haliwezi kutulia likiwa limesimama, na hakuna skrubu inayotibu hilo. Kirinyaga Road na Industrial Area kuna mafundi wa mashine za kukereza wanaoweza kutoboa na kuweka bushi mpya kwa usahihi mkubwa. Wapeni kazi hiyo. Ni nafuu kuliko kabureta mpya kutoka Uingereza, na pesa zinabaki mjini.

Kabla ya kurudisha, inua kila pistoni kwa kidole na uiachie. Inatakiwa kushuka vizuri na kugonga chini kwa mlio wa chuma, tik. Isipogonga, sindano inakwaruza jeti. Kwenye HS4 za zamani zenye sindano iliyokazwa, jeti lazima iwekwe katikati kwa mkono. Zile za baadaye zenye sindano ya springi hazihitaji. Kisha pandisha jeti hadi iwe sawa na daraja lake, ule uso wa chuma inapotokeza, halafu izungushe nati yake kushuka mizunguko miwili kamili. Zote mbili sawa. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kurudisha ni njia ile ile kinyumenyume, kwa gasketi mpya, na nati zikazwe kwa zamu kwa msalaba, kidogo kidogo. Usikaze kama tairi la lori, uso wa kabureta ni wa alumini na unapinda. Mambo mawili yaangaliwe sana. Kwanza, acha vibanio vya vyuma vya kuunganisha vikiwa vimelegea. Pili, gasketi ya chujio ina matundu yanayotakiwa kuelekeana na matundu yaliyo kwenye mdomo wa kabureta. Ukiigeuza juu chini, pistoni haitapata hewa chini yake na haitapanda. Gari litawaka vizuri, litatulia vizuri, halafu halitavuta hata kilima cha Valley Road. Mwenyewe ataambiwa injini imechoka.

Mwambie mtu akanyage mafuta hadi mwisho huku wewe unachungulia mdomoni. Bataflai zifunguke zote kabisa. Tia oili nyepesi ya SAE 20 kwenye mirija iliyo juu ya chemba za pistoni. Rudisha betri, washa swichi bila kupiga stata, sikiliza pampu: itagonga mfululizo hadi chemba zijae, kisha itanyamaza. Ikiendelea kugonga kuna mahali mafuta yanakwenda, na huwashi injini hadi upajue.

Tumefika kwenye kutyuni, na hapa tusikimbie. Watu wawili wakibeba sofa kwenye ngazi za ghorofa kule Pipeline, akiharakisha mmoja ukuta unakwaruzwa na mwingine anaumia mgongo. Kabureta mbili ni hivyo hivyo. Hewa kwanza. Endesha gari hadi injini ipate joto lake, rudi, hakikisha vibanio bado vimelegea, legeza skrubu zote mbili za bataflai hadi zifunge, kisha zikaze kila moja mzunguko mmoja na nusu. Washa. Chukua kipande cha mpira mwembamba, weka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, halafu ya nyuma. Utasikia mvumo. Rekebisha hadi mivumo ifanane. Kuna vipimo vya kununua, na ni vizuri, lakini sikio likizoea linatosha.

Mafuta baadaye. Chini ya kila chemba ya pistoni kuna pini ndogo ya kuinua pistoni. Inua kidogo sana, kama milimita moja hivi. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, mchanganyiko ni mzito, yaani petroli imezidi: pandisha nati ya jeti. Ukishuka na injini ikataka kuzima, ni mwepesi: ishushe. Ukipanda kidogo sana kisha ukarudi, umefika. Zungusha bapa moja moja la nati, yaani upande mmoja kati ya sita, si mzunguko mzima. Kwenye HIF nati hiyo haipo, kuna skrubu ubavuni, na ukiizungusha kulia unaongeza mafuta. Ukimaliza mafuta rudi kwenye hewa, maana moja inavuruga nyingine. Zikikubaliana, kaza vibanio ukiacha nafasi ya milimita 0.3 kati ya pini na uma wake, upime kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kisha uongeze mwendo wa injini kidogo na usikilize tena.

Kuna jambo ambalo kitabu cha kiwanda hakikuambii kwa sababu kiliandikwa kwa watu wa nchi ya chini. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kabureta haijui hilo kikamilifu. Inaendelea kutoa petroli karibu kama iko pwani, kwa hiyo mchanganyiko wetu hapa huelekea kuwa mzito. Ile mizunguko miwili ya kitabu ni ya kuanzia tu. Kwangu, karibu kila gari huishia nati ikiwa juu zaidi ya hapo. Moshi mweusi wa Museum Hill mara nyingi ni hesabu ya Uingereza inayotumika Nairobi. Ukipanda Limuru, ambako ni juu zaidi, utaona inazidi.

Basi ukimaliza, nenda barabarani. Tafuta kilima, panda kwa gia ya tatu ukikanyaga, zima injini papo hapo mahali salama, toa plagi nne. Rangi ya hudhurungi ndiyo unayoitaka. Nyeusi ya masizi makavu, punguza. Nyeupe, ongeza haraka kabla hujaunguza vali. Plagi mbili za mbele zikiwa na rangi moja na mbili za nyuma rangi nyingine, kabureta zako bado hazijapatana, na unarudi kwenye mpira na sikio.

Na wale mnaopanga kuteremka Mombasa Desemba, tafadhali. Gari lililotyuniwa Nairobi likifika Mariakani hewa imekuwa nzito na petroli ni ile ile, kwa hiyo linakwenda likiwa jepesi kwa mafuta, kwenye joto, kwa kasi. Kabla ya kuondoka shusha nati ya kila kabureta bapa moja, zote mbili sawa, uandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na leseni. Mkipumzika Voi toa plagi moja ya mbele na moja ya nyuma uzitazame. Ukirudi Nairobi, pandisha bapa ulilolishusha.

Maswali nitayajibu pale uani, boneti ikiwa wazi. Vijana, njooni mbele sasa. Nani ana spana ya nusu inchi? Ile ya 13 irudishe mfukoni, nimeiona.